Avoka ya Kambo, Chokaa ya Baba

Mwaka jana nilirudi Likasi kwa ndoa ya mtoto wa dada yangu, na nikuambie ukweli, sikuwa na nia yoyote ya kupita kwenye avenyu yetu ya zamani. Viatu vilikuwa vinanibana, jua linawaka, na aliyenionyesha njia ya mkato alinionyesha ovyo. Ghafla nikajikuta mbele ya lupango letu, ile nyumba ya Kampuni ya migodi na uwanja wake nilimokulia. Ndani ya ua kulikuwa na mama mmoja kijana, kitenge kiunoni, brashi mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Alikuwa anapaka chokaa mti wa parachichi, ambao sisi kwetu tunauita avoka, wenye mashina mawili yanayotokea chini mahali pamoja. Akamaliza kupaka, akainamisha ndoo, akamwaga chokaa yote iliyobaki kwenye mizizi.

Ndugu yangu, sikuweza kujizuia. Mtu mzima mimi, na gauni langu la harusi, nikashika ua kwa mikono miwili nikapiga kelele.

"Mama! Weye mama! Unafanya nini hapo?"

Maskini, alishtuka nusura aangushe ndoo. "Napaka muti, mama. Iko na ugonjwa. Unaona majani vile iko ya manjano? Bwana yangu amesema tuongeze dawa."

Tuongeze dawa! Jamani, watu wa Likasi, nani aliyetuloga na chokaa? Nitakuambia nilimjibu nini, lakini kwanza lazima nikueleze habari ya mti ule, la sivyo na wewe utanidhania kichaa kama alivyonidhania yeye.

Mti ule ulikuwa wa kambo. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Baba alipopewa nyumba na Kampuni, alimtoa kambo kijijini, kule karibu na ziwa la Mwadingusha, penye bwawa la umeme, akamleta mjini akae kama malkia. Kambo alifika na kikapu kimoja, jembe moja, na mbegu ya avoka aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Wiki ile ile aliipanda nyuma ya nyumba, kisha akaokota mawe matatu ya mafiga, akayaweka kando yake, akawasha moto. Mti ulikua, na moto haukuzimika. Nilipozaliwa mimi, matawi yalikuwa tayari yameshafunika mafiga, na hapo ndipo nilipojifunza kutambaa, kula, na kukoswakoswa na mwiko.

Moto huo ulimtia baba wazimu. Alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kikosi, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa kule Kakontwe, na kwa kapita wa Kampuni moshi nyuma ya nyumba ulikuwa aibu. Alikuwa amenunua resho, jiko la umeme la macho mawili, inang'aa, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono.

"Mama," alikuwa akimwambia, "resho iko. Unabonyeza tu. Juu ya nini unatupikia sawa vile tuko mu pori?"

Na kambo, ambaye badala ya "mimi" alisema "minye", bila kugeuka: "Ule umeme unatoka kwetu Mwadingusha. Ulinitangulia huku, na nilipofika haukunisalimia. Minye nitaupatia chungu changu?"

Baba alikuwa akiingia ndani, akipiga mlango. Mama yangu, ambaye kazi yake nyumbani mwetu ilikuwa kuzuia vita, alichemsha chai kwenye resho na kuacha bukari, ugali wetu, ipikwe kwenye mafiga. Kwa njia hiyo kila mtu alikasirika nusu tu.

Sasa, moto unahitaji kuni, na kuni ndizo zilizoniharibia utoto. Usicheke. Wenzangu wakitoka shule walikwenda kucheza. Mimi nilikuwa nikimkuta kambo ameketi kwenye kigoda chini ya avoka, kandoni mwake furushi la kuni lililoletwa na watu wa baiskeli kutoka pori la nyuma ya Buluo. Kiazi kitamu kiko ndani ya majivu ya moto, harufu yake inaniita kwa jina, na tumbo langu linaitikia.

"Fumba macho," kambo anasema. "Leta mikono. Huyu ni nani?"

Kwake kuni ilikuwa nani, haikuwa nini. Nilipaswa kuipima uzito, kuigonga kwa kidole, kukwaruza gamba kwa kucha na kunusa, na ikibidi kulamba. Nikikosea, kiazi hakitoki. Mubanga sikumkosa kamwe: mzito, ukimgonga analia kama chuma, na kaa lake linalala na kuamka bado jekundu. Huyo alikuwa wa maharagwe. Musuku ni mwepesi, anashika moto haraka na kuuacha haraka, wa uji wa asubuhi. Mulombwa ni mwekundu ndani na akikatwa anatoa utomvu kama damu. Kambo hakumchoma hata tulipokosa kuni zote, alisema hatapikia wajukuu wake juu ya kidonda. Lakini mutondo na musamba! Hao wawili mpaka leo sijui Mungu aliwatofautisha kwa sababu gani. Nimekula viazi vingi vilivyopoa kwa ajili yao.

Siku moja nilichoka. Nikamwambia kambo, "Kuni ni kuni!" Nilikuwa na miaka minane hivi, na nilidhani nimesema jambo la akili.

Kambo aliinuka, akaenda kwenye rundo la miti iliyokataliwa, akachomoa kijiti kimoja cha mti wa utomvu ambao jina lake ninalijua na sitakutajia, akakitia motoni, akanikalisha upande moshi unakokwenda. Nililia machozi mpaka jua likazama. Kila nilipotaka kuhama, aliniuliza kwa upole tu, "Weye ulisema nini juu ya kuni?"

Na majivu, je? Hata majivu yalikuwa na sheria. Kila asubuhi niliyachekecha kwa kikapu kibovu: laini ya kusugulia sufuria, mengine ya bustani ya lengalenga, ile mboga ya majani iliyokuwa kando ya choo. Siku moja, kwa uvivu, niliyamwaga chini ya avoka kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kambo alinipiga kofi la mkono lililonifanya nione nyota mchana.

"Majivu ni ya lengalenga," alisema. "Avoka haipendake majivu. Inageuka manjano, inakufa na njaa na chakula iko mbele yake."

Nilishika hilo vizuri. Avoka na majivu, mbalimbali. Kama kungekuwa na mtihani shuleni ningepata zote. Lakini hakuna mtu aliyeniambia neno lolote kuhusu chokaa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Unakumbuka Salongo? Kama hukuiishi, ni ile kazi ya umma ya kila Jumamosi, ya lazima, amri iliyotoka juu kabisa. Shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, alipita asubuhi na filimbi, wote nje, fagia, kata majani, zibua mitaro. Na miti ipakwe chokaa, kutoka chini mpaka kiunoni mwa mtu. Kila mti wa avenyu ulivaa soksi nyeupe, na wageni wakubwa wakipita waseme mji ni safi. Kwa kuwa miti yote ya mji ilipakwa, na kwa kuwa haikufa, watu wakaanza kusema chokaa ni dawa ya miti. Baba yangu, ambaye alishinda ndani ya chokaa siku tano kwa wiki na kurudi nyumbani nayo kwenye nyusi, aliliamini hilo kuliko Credo ya Jumapili.

Mwaka ule, mimi nikiwa na miaka kumi, avoka ilianza kuumwa kidogo. Jani moja moja la manjano, matunda machache yaliyoanguka yangali madogo. Pengine ulikuwa uchovu tu, miti nayo huchoka. Lakini kambo alisema neno moja lililomtisha baba.

"Muti hii ikikufa, minye naenda kwetu. Nilikuja nayo, sitabaki bila yeye."

Baba akacheka mbele yake. Jioni nilimwona ameketi barazani, hacheki. Unaweza kumlaumu baba kwa mengi, na mimi namlaumu, lakini hakutaka mama yake aondoke. Jumamosi iliyofuata, kambo alipokwenda parokiani kufagia kanisa kwa ajili ya misa ya kesho, baba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na kimfuko cha chokaa.

"Paka shina," aliniambia. "Kisha weka kopo moja hapa kwa mizizi, mwaga maji, funika na majani. Kambo yako asione, iko na maneno mingi. Akiona muti imepona atafurahi tu."

Nikapaka, nikaweka kopo, nikafunika. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Majani yakazidi kuwa manjano. Baba akaangalia juu, akakuna kichwa, akasema dawa ni kidogo, tuweke makopo mawili. Yakazidi. Tukaweka matatu. Kufika katikati ya kipwa, ule msimu wetu wa ukavu na baridi, ncha za matawi zilikuwa zimekauka na avoka imekuwa ya rangi ya limau lililosahauliwa. Mimi nilimwaga maji juu ya makopo matatu ya chokaa nikijiona daktari.

Kambo naye alikuwa anatafuta ugonjwa. Alivunja tawi lililokauka akalichoma peke yake ili asikie litasema nini. Alinusa moshi. Alionja jani akalitema. Mwishoni akasema, "Hii muti inakunywa chumvi."

Akageuza macho yake kwenye ua wa jirani.

Jirani yetu alikuwa mama Mwislamu, watu wa mashariki, mume wake dereva wa lori. Huyo mama alikuwa rafiki wa kambo. Walipeana makaa ya moto juu ya ua kila asubuhi, yeye akimpa kambo sambusa wakati wa Idi, kambo akimpa avoka wakati wa mavuno. Lakini alikuwa anaroweka makayabu, wale samaki wa chumvi, na maji yake aliyamwaga karibu na ua. Basi kambo akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama, maji yako ya samaki inaua muti yangu."

"Mimi?" jirani akasema. "Mimi niliyekula matunda ya mti huo na watoto wangu wote? Ninamwaga maji huko upande wa jua, mama, na mti wako uko huku. Maji yana miguu?"

"Chumvi iko na miguu."

"Basi na iende!" jirani akasema, akachukua beseni lake akaingia ndani. Makaa ya asubuhi yakakatika. Watoto wake wakakatazwa kuja kwetu. Wiki sita nzima kambo na jirani walichota maji kwenye bomba moja wakiwa wamegeuziana migongo, na mimi katikati na ndoo yangu, najua kwamba kuna kitu kingine kinachoingia kwenye mizizi ile kila Jumamosi, na sisemi. Sikusema kwa sababu chokaa ni dawa! Mtu atataja dawa kati ya sumu? Nikikumbuka akili yangu ya siku zile natamani kuikalisha upande wa moshi.

Shefu wa avenyu naye akaingia. Akamwambia baba mbele ya watu kwamba mti mkavu kwenye lupango la kapita ni mfano mbaya, wageni wanakuja, uondoke. Baba, badala ya kunyamaza, akajibu kwa sauti ya kapita kwamba usipokuwa umepona kufika Salongo ya mwisho kabla ya mvua, ataukata kwa mkono wake na tutachoma kuni zake mpaka Noeli. Kambo alikuwa anapepeta mahindi. Akasema chini chini, bila kumwangalia mtu, "Avoka si kuni." Hakuna aliyemsikia ila mimi.

Halafu siku moja, ikiwa imebaki wiki nne, kambo alimwaga maji ya kuoshea vyombo chini ya mti akaona hayazami. Yametuama kama kwenye sahani. Akaondoa majani niliyofunika. Akaleta jembe, akapiga. Jembe likalia, kaa! Chini ya majani kulikuwa na gamba jeupe, gumu, pana kama meza ya kulia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari zangu. Hakuniita kwa hasira. Alisema, "Kuya hapa. Fumba macho. Leta mikono."

Mkono mmoja akanitilia kitu cha unga, mkono wa pili kitu cha unga. "Onja." Nikaonja. Vyote viwili viliniuma ulimi namna ile ile, ule ukali unaokausha mate. "Huyu ni nani, na huyu ni nani?"

Sikuweza kutofautisha. Nikafumbua macho. Kushoto majivu, kulia chokaa.

"Ni ndugu," kambo akasema. "Baba moja, mama moja. Nilikukataza majivu kopo moja, weye umeipatia kaka yake mufuko muzima."

Nikalia, nikamwambia yote: baba, kimfuko, makopo, majani ya kufunika. Nilingoja kipigo. Alikaa tu kwenye kigoda akitazama lile gamba, na nilipodhani analia, kumbe anacheka bila sauti, cheko la mtu aliyechoka. Kisha akainuka, akachagua kwenye furushi kuni tano za mubanga, zile nzuri kuliko zote, akazifunga kwa kamba mpya, akazibeba mwenyewe mpaka kwa jirani. Alizungukia mlango wa mbele, wala hakupitia juu ya ua. Akapiga magoti mama yule mzee. Jirani alimwinua kabla hajasema neno la pili. "Mti utapona, mama," alisema, "na sisi tulikaribia kufa kwa kununiana." Asubuhi yake makaa yalipita tena juu ya ua.

Tukafanya kazi sisi watatu, kambo, jirani na mimi. Tulivunja gamba lote, tukalitoa kwa beseni. Tulikwenda pori la Buluo kuchota udongo mweusi ulio chini ya misuku, wa majani yaliyooza, tukarudi nao vichwani mara saba, nane. Tuliumwagia mti maji safi kila jioni. Na wiki ya tatu, wakati pori lote linatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, nikaona kwenye tawi la chini la avoka vichipukizi vitatu, vyekundu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Nilikimbia lupango lote nikipiga kelele kama mtu aliyeona treni kwa mara ya kwanza.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penyewe. Kwetu, mama hamkemei mwanawe aliyeoa, seuze kapita. Neno zito linapita kwa mjukuu, kama mchezo, kama swali, ili asiaibike mtu. Baba wakati ule alikuwa zamu ya usiku, analala mchana, hakuona kilichokuwa kikifanyika nyuma ya nyumba, na chokaa ya Jumamosi aliniachia mimi peke yangu. Kambo akaniambia:

"Umwambie baba yako juu ya chokaa. Polepole, mukiwa bawili. Useme, papa, je, chokaa na majivu si ndugu? Ye iko na akili, atasikia. Hapana kumupatisha haya mbele ya batu."

Nikasema ndiyo, kambo. Na sikumwambia.

Usiniulize kwa nini. Jumatano alikuwa ameamka na hasira. Alhamisi alikuwa anakula vizuri nikaogopa kumharibia chakula. Ijumaa nilisema kesho asubuhi mapema. Ijumaa jioni kambo akaniuliza, "Umemwambia?" Nikajibu, "Nimemwambia, kambo." "Akasema nini?" "Akasema sawa." Uongo huo niliutoa bila hata kumeza mate.

Jumamosi, filimbi. Shefu akaingia lupango letu na watu wa avenyu nzima nyuma yake, na baba mbele yao akiwa na shoka. Kambo alikuwa chini ya mti. Aliangalia shoka, akaangalia vichipukizi, akamwangalia mwanawe. Kumbuka, yeye anajua kwamba baba ameambiwa. Anajua kwamba amesema sawa. Machoni mwake, huyu ni mtu aliyejua kosa lake na bado amekuja kulifunika kwa shoka.

Akasimama, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Unakata muti yangu na unajua ni weye uliyemupa sumu? Kwa mikono ya mutoto? Chokaa yako njo iliyomuua!"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ndivyo watu wanavyocheka wakiona kapita wa chokaa anashtakiwa na mama yake kwa chokaa. Mmoja akasema, "Aa, kapita, kumbe muganga ni weye!"

Niliuona uso wa baba. Neno hilo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza, mbele ya shefu, mbele ya vijana wa kikosi chake. Machoni mwake, mama yake alikuwa amelificha ili amvue nguo hadharani. "Chokaa haiuwake muti," alisema. Akatema mate mikononi, akakata. Vichipukizi vyekundu vilitikisika kila shoka lilipoingia. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele tangu pigo la kwanza mpaka la mwisho, na yalikuwa mengi. Niliyahesabu tu.

Kisiki kilikuwa kibichi, maji yanatoka.

Na baba, kwa kuwa alisema tutachoma kuni za avoka mpaka Noeli, alizichoma. Avoka si kuni, jamani! Haiwaki, inatoa moshi mweupe wa uchungu unaoingia hata kwenye mito ya kitanda. Alikaa mezani akikohoa, macho mekundu, akisema ni kuni nzuri. Mama yangu alikohoa, mimi nilikohoa, jirani alifunga madirisha. Siku kumi tulikula moshi kwa ajili ya kiburi cha mtu mmoja na woga wa mtu mwingine.

Kambo aliondoka kwa lori la Mwadingusha kabla ya mvua ya kwanza. Kikapu kimoja, jembe moja. Kabla ya kupanda aliniita, akaniambia nifumbe macho, akaniwekea kipande cha mti mkononi.

"Huyu ni nani?"

"Avoka, kambo."

"Ni kuni?"

"Hapana, kambo. Si kuni."

"Muzuri," akasema, na akanipa kiazi kilichokuwa bado cha moto. Nilikishika mpaka kikapoa. Lori lilikuwa limekwisha kupita daraja, na bado ningeweza kumkimbilia, wanawake wa soko walikuwa wamelisimamisha kupakia mifuko. Sikukimbia.

Hakurudi tena. Baba alikwenda kumzika. Aliishi miaka mingi baada ya hapo akiamini kwamba mama yake alimwaibisha kwa makusudi, na kambo alikufa akiamini kwamba mwanawe aliukata mti huku akijua. Wote wawili walikuwa watu wazuri, wakaidi, wa kuchosha, na kati yao kulikuwa na neno moja tu la kupeleka, na mpeleka neno nilikuwa mimi. Nilifikiri nitamwambia baba nikikua. Nilikua. Nikafikiri nitamwambia akizeeka. Akazeeka, na kila nilipokwenda kumwona kulikuwa na habari nyingine, mpaka tukamzika.

Siku hizi makala, yale makaa ya kupikia, inauzwa kwa mifuko, nyeusi yote, haina jina. Ukimwuliza muuzaji huyu ni nani, anaangalia nyuma yake kuona unamsema mtu gani. Pori la karibu na Buluo limesogea mbali sana. Filimbi ya Jumamosi ilinyamaza zamani na shefu wake. Kampuni yenyewe haina tena nyumba za kugawa. Kilichobaki ni chokaa. Na kisiki, ambacho nilikiona kwa macho yangu mwaka jana, kilikuwa kimetoa mashina mawili.

Basi nilimwambia yule mama wa brashi yote haya? Nilimwambia kwa ufupi. Nilimwambia mti ni wa kambo yangu, kwamba chokaa na majivu ni ndugu, kwamba apige jembe hapo chini aone. Akapiga. Jembe likalia, kaa! Akashika mdomo.

"Ee, mama! Kumbe njo hii! Lakini bwana yangu..." akaangalia mlango wa nyumba. "Iko na maneno. Anaona ni yeye tu anajua. Nitamwambia siku moja, akiwa na roho muzuri."

Siku moja! Nikavua vile viatu vya harusi. Nikafungua mlango wa ua bila kukaribishwa, nikaingia, nikaketi chini ya avoka na gauni langu, kwenye chokaa mbichi. Kule kanisani kengele ilikuwa inalia, dada yangu bila shaka ananitafuta.

"Anarudi saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa kumi, mama."

"Namungojea," nikasema. "Nitamwambia minye."